Mgonjwa Asiyeitika

Faili la mwalimu lilikuwa jembamba kuliko matatizo yake. Karatasi nne tu, na Afande alikuwa amezisoma tangu alipofika kazini mpaka chai ikampoea kikombeni.

Ya kwanza ilikuwa barua ya mwalimu mwenyewe, akiiomba bima ya afya imlipie matibabu ya kupandikizwa mimba. Ya pili ilitoka kwa daktari wake: ndoa ya miaka kumi na moja, mirija ya uzazi imeziba yote miwili, hajawahi kuzaa. Ya tatu ilikuwa kifungu kipya cha mkataba, kilichoanza kutumika mwaka huu baada ya wanachama kupiga kelele muda mrefu. Kampuni itagharamia matibabu hayo kwa mwanachama ambaye hajatimiza miaka arobaini na hana mtoto aliye hai. Ya nne ndiyo iliyotibua mambo. Ilitoka kwenye kompyuta ya kampuni, nayo ilisema kwamba miaka mitatu na nusu iliyopita mwalimu huyohuyo, kwa kadi hiyohiyo, alijifungua kwa upasuaji mtoto wa kike mwenye kilo tatu na gramu mia moja.

Mtu hawezi kuwa amezaa na hajazaa. Mojawapo ya karatasi hizi ilikuwa inadanganya, na Afande alikuwa analipwa mshahara ili ajue ni ipi. Mwanamke huyu aliwahi kuwa sajenti wa polisi kwa miaka ishirini na miwili kabla ya kuhamia kitengo cha uchunguzi wa madai. Magwanda aliyarudisha, lakini jina la Afande lilimng'ang'ania, na siku hizi hata mama anayepiga deki ofisini alimwita hivyo.

"Hiyo ni kazi ya karani wa hospitali," Meneja alisema, amesimama mlangoni kama mtu asiyetaka kukaribishwa kiti. "Madai hewa. Anabuni mgonjwa, anabuni upasuaji, sisi tunalipa. Hospitali imeshamsimamisha kazi. Andika hivyo tumalize."

"Na kama hakubuni?"

"Basi mwalimu ametudanganya, na kadi yake inafutwa. Mimi sina upande. Nataka jibu Ijumaa."

"Anatimiza arobaini lini?"

Meneja alikuwa anajua. Hilo Afande alilipenda kwake, kwamba alikuwa na haraka lakini hakuwa mvivu. "Wiki saba zijazo. Daktari anasema anahitaji sita za kumwandaa."

"Kwa hiyo Ijumaa hii ni ya mwalimu, si yako," Afande alisema, akaufunga mkoba wake.

Chumba cha kumbukumbu cha hospitali kilikuwa chini ya ngazi, na mzee aliyekitunza aliitwa Makabati na kila mtu, madaktari kwa wafagizi. Alimletea Afande faili alilolitaka bila kutazama daftari lolote. Lilikuwa nene.

Unene huo ulimpa Afande jibu la kwanza kabla hajaketi. Alishapitia nyaraka nyingi za kughushi maishani mwake, na wanaoghushi wana tabia moja: wanaandika yote kwa kalamu moja na kwa mkao mmoja, na kila kitu kinakuwa safi. Faili hili lilikuwa na miandiko ya watu watano na wino wa rangi tatu. Ukurasa mmoja ulikuwa na duara la kikombe. Kwenye chati ya joto la mwili, mtu alisahau kupima zamu nzima, mwenzake akachora alama ya kuuliza pembeni. Siku ya tatu mgonjwa alipanda homa, na siku ya nne ikashuka.

Alimpigia simu Meneja palepale. "Waambie wamrudishe karani kazini."

"Una uhakika?"

"Karani anaweza kubuni upasuaji. Hawezi kubuni homa, kisha akaituliza kwa siku mbili, kwa miandiko ya manesi watatu. Kuna mwanamke alilala kitanda kile."

"Basi mwalimu ndiye mwongo."

"Sijasema hivyo," Afande alijibu, akakata simu. Kidole chake kilikuwa kimeganda kwenye mstari mmoja wa karatasi ya dawa. "Mzee, sindano hii ni ya nini?"

Makabati aliinua miwani. "Hiyo wanachomwa akina mama wenye damu hasi, kama mtoto ni chanya. Inazuia damu ya mama isije ikapigana na mimba itakayofuata. Nimekaa humu miaka thelathini, mama. Nimebaki kutibu tu."

Afande alitoa ripoti ya daktari wa uzazi mkobani. Damu ya mwalimu: chanya. Alirudia kusoma, kisha akaziweka karatasi mbili sambamba. Watu hubadili nyumba, dini na waume. Damu hawabadili. Aliyejifungua kwa kadi ya mwalimu hakuwa mwalimu.

Kulikuwa na mengine mawili. Fomu ya ridhaa ya upasuaji ilikuwa imetiwa sahihi na mume, na sahihi hiyo ilikuwa na mkia uliojikunja kama ndoano. Mkia huohuo ulikuwa kwenye fomu ya uanachama ya mwalimu, pale mumewe alipojiandikisha kuwa mtegemezi wake. La pili lilikuwa maandishi ya mkunga, asubuhi ya siku ya pili: *Mama yuko macho, anazungumza vizuri, lakini haitiki akiitwa jina. Daktari amwangalie masikio.* Chini yake daktari aliandika maneno mawili tu: *Masikio mazima.*

Makabati alichekea puani. Afande hakucheka. Mgonjwa haitiki kwa sababu jina si lake, na mume wa mwenye jina yuko pembeni anatia sahihi. Hadithi ya namna hii alikuwa ameshaisikia mara nyingi mno, na kila mara iliishia kwenye nyumba ndogo ya mtaa wa pili. Alimwonea mwalimu huruma, na papo hapo akaanza kumchukia mumewe kabla hata ya kumtia machoni.

Mume alikuwa fundi wa lifti. Afande alimkuta kwenye jengo la ghorofa tisa, lifti imekwama katikati ya ghorofa ya nne na ya tano, yeye amelala kifudifudi sakafuni na mkono mmoja umezama kwenye uwazi. Wapangaji walikuwa wanapanda ngazi wakimpitishia maneno.

"Leo tena, fundi?"

"Panda tu, mzee. Daktari si alikwambia utembee?"

Afande alijitambulisha. Fundi alitoa mkono wake uwazini, akakaa. Alikuwa mtu mpana, mtulivu, mwenye grisi mpaka kwenye nyusi. Afande alimweleza alichokiona bila kumung'unya maneno: kadi, upasuaji, damu isiyolingana, sahihi yenye ndoano. Kila alipotaja jambo, fundi aliitikia kwa kichwa, kama vile anasomewa orodha ya vipuri.

"Mke wangu mmeshamwambia?" aliuliza.

"Bado."

"Tuseme mtu ametumia kadi ya mwenzake, na mwenyewe hajui lolote. Huyo mwenye kadi mnamfanya nini?"

"Hatumfanyi kitu. Huyo amedhulumiwa. Rekodi inasafishwa, anaendelea na haki zake."

"Na matibabu anapata?"

"Anapata."

Fundi alichukua tambara, akafuta vidole, kimoja baada ya kingine, mpaka cha mwisho. "Basi andika," alisema. "Ni mimi. Nilikuwa na mwanamke nje. Alipofikwa na uchungu nikaichukua kadi kwenye droo. Mwalimu hajui, mpaka leo hajui."

"Mwanamke huyo ni nani?"

"Simtaji."

"Anakaa wapi?"

"Alihama. Yeye na mtoto. Sijui walipo."

Aliyasema yote kwa kasi, na Afande aliyaandika kwa kasi. Alimpa karatasi, fundi akaisoma na kuikunjia ndoano yake chini. Kila kitu kilikaa mahali pake. Afande alikuwa ameshaishika ngazi aondoke pale fundi alipomwita.

"Afande. Nishughulikieni mimi mtakavyo. Mtoto msimsumbue. Ndiyo kwanza ameanza chekechea."

"Si umesema hujui aliko?"

Fundi alirudi kulala kifudifudi. Alitia mkono kwenye uwazi na kuanza kupapasa.

Afande alishuka ngazi ghorofa zote nne akiwaza. Maneno ya chekechea yalimkera, lakini kulikuwa na jingine lililomkera zaidi. Katika miaka yake yote ya kuhoji watu, hakuwahi kukutana na mtu aliyekiri kosa bila kuuliza atafungwa miezi mingapi. Huyu aliuliza mambo matatu tu, na yote matatu yalimhusu mkewe.

Mkunga aliyeandika habari za masikio alikuwa amehamia zahanati moja ndogo, na sasa alikuwa anapima watoto uzito. Sista, ndivyo walivyomwita hapo, alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya kufika geti la pili. Afande alipomwonyesha nakala ya maandishi yake, aliweka chini mtoto aliyekuwa mizanini na kumkabidhi mama yake.

"Huyo? Huyo nitamsahau vipi? Wodi nzima ilimcheka daktari mwaka mzima kwa kumpima masikio."

"Nieleze, dada."

"Napita kitanda hadi kitanda na faili. Nikaita jina. Kabinti kananitazama tu, kimya. Nikaita tena, kimya. Nikasema huyu dawa ya usingizi bado imemkalia. Mara ya tatu nikapaza sauti. Sasa pembeni alikuwa amekaa dada mtu, anampoozea uji. Si akainuka, akaniambia, 'Abee'?"

"Nani? Aliyemletea uji?"

"Yeye. Tena akainuka kwa adabu, kama mtoto wa shule. Kisha akajiziba mdomo, uji ukamwagika. Tukacheka, nikaona ni uchovu. Maana hakuwa amelala siku mbili."

Afande alimwonyesha picha ya mwalimu kwenye fomu ya uanachama. Sista hakuhitaji muda.

"Huyo huyo. Alikuwa na vumbi la chaki kwenye mkono wa gauni. Na mgonjwa alikuwa mdogo wake wa damu kabisa, paji la uso moja. Alikuwa akimwita dada."

"Mwanamume aliyetia sahihi, mlimwonaje na mgonjwa?"

"Shemeji yake? Alikuwa hata kuingia wodini anaona haya. Alibaki mlangoni."

"Sista, haya mbona hukuyaandika?"

Sista alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Ningeandika nini, dada yangu? Kwamba mtu ameitwa jina lake akaitika?"

Shule ilikuwa imeshawaachia wanafunzi Afande alipofika. Mwalimu alikuwa darasani peke yake akisahihisha madaftari, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye kalamu nyekundu mkononi. Peke yake ni namna ya kusema. Kwenye dawati la mwisho alikuwa amekaa binti mdogo mwenye mwanya, anachora kwa chaki sakafuni kila mkono wake ulipofika.

"Mama mkubwa, huyu ni mgeni?" binti aliuliza.

"Ndiyo, mwanangu. Msalimie, kisha uendelee kuchora." Alimgeukia Afande. "Ni wa mdogo wangu. Ana cherehani pale sokoni, humpitia akifunga. Karibu, mama. Umeleta jibu la bima?"

Afande alikaa kwenye dawati la mwanafunzi, magoti yakamgota. Alikuwa amepanga maneno njiani, na sasa aliona hayamfai. Aliweka karatasi ya fundi juu ya madaftari.

Mwalimu aliisoma mara moja. Akairudia, na safari hii kalamu nyekundu ilifuata mistari kwa mbali bila kugusa. Alipofika kwenye sahihi alibaki pale.

"Pale chini kuna nafasi yako," Afande alisema. "Ukiandika kwamba hukujua, nafunga faili kabla ya Ijumaa. Jumatatu daktari anakuanzia sindano zako. Utakuwa umewahi."

"Na yeye?"

"Polisi. Amekiri udanganyifu."

"Halafu basi? Inaishia hapo?"

"Haiishii. Kampuni itataka kumjua mwanamke aliyejifungua. Itabidi nimtafute. Kwa kawaida naanza na mtoto."

Wote wawili walitazama dawati la mwisho. Binti alikuwa amechora nyumba, na sasa alikuwa anaiwekea madirisha mengi kuliko ukuta.

Afande alimpa muda. Alimwona mwalimu akipiga hesabu yake taratibu, kama anavyowafundisha wengine, mpaka akalifikia jibu.

"Ameandika kwamba aliyejifungua ni mwanamke wake," alisema kwa sauti ya chini. "Na mtamkuta aliyejifungua ni mdogo wangu. Kwa hiyo atakuwa amezaa na shemeji yake. Kwa sahihi yake, na kwa sahihi yangu."

"Ndivyo karatasi itakavyosema."

"Hakufikiria mpaka hapo." Alicheka kidogo, kicheko kisicho na raha. "Mume wangu akili yake yote iko kwenye lifti. Ukimwambia kitu kimekwama, anaingiza mkono."

Kisha akaeleza, na hakutumia maneno mengi. Mdogo wake alikuwa na miaka ishirini na miwili, aliyempa mimba ameshatokomea. Zahanati iliwarudisha, mtoto amekaa vibaya. Hospitali wakasema hawamwingizi chumba cha upasuaji bila malipo ya kutanguliza au bima.

"Pale kaunta waliniuliza kadi iko wapi. Hawakuniuliza ni ya nani. Nikaitoa. Nilimpa kama ambavyo ningempa mwavuli, mama, na mvua ile ilikuwa inamuua. Bima ya kupata mtoto haikuwepo wakati ule. Sikujua kwamba natoa na zamu yangu."

"Na karani aliyesimamishwa kwa ajili yako?"

Mwalimu aliinamisha kichwa. "Nilisikia. Nilijiambia watamrudisha wenyewe. Sina la kujitetea hapo."

"Amesharudi. Ungejua haya yote siku ile, ungefanyaje?"

"Kuna siku nasema ningempa vilevile." Alimtazama binti. "Kuna siku nakaa kimya, sisemi."

Afande aliumia. Kazini alikuwa amezoea kushinda, na alikuwa ameshinda; kila kipande kilikuwa mezani, lakini hakuona cha kufurahia. Alimweleza mwalimu yale ambayo sheria ilimtaka aeleze. Akikiri mwenyewe, kwa hiari, kabla ripoti haijawasilishwa, hapelekwi polisi, wala yeye wala mumewe wala mdogo wake. Lakini kadi inafutwa. Ataweza kuomba upya baada ya miaka miwili.

"Miaka miwili nitakuwa na arobaini na mmoja."

"Ndiyo."

"Na nikitia sahihi hapa?"

"Nimekwambia. Jumatatu." Afande akaongeza jambo ambalo hakupanga kulisema. "Mengine niliyoyasikia huko nje bado sijayaandika popote. Nina mpaka Ijumaa."

Mwalimu alielewa alichoachiwa. Nje mlinzi alikuwa anafunga madirisha ya madarasa, moja baada ya jingine, na kelele zake zilikuwa zinasogea. Mwalimu aliiweka kalamu nyekundu ndani ya kikombe. Alikiokota kifuniko cha kalamu, akakitazama, akakiacha. Halafu aliichukua karatasi ya mumewe, akaigeuza chini juu na kumsogezea Afande.

"Ichane."

"Ushahidi siwezi kuuchana."

"Basi andika mwingine uufunike huu."

Afande alitoa karatasi mpya na kuandika tarehe. Utaratibu ulimtaka asome majina yote matatu ya kwenye kadi, kwa sauti, na anayetoa maelezo akubali kwamba ndiye. Alikuwa amelifanya hilo mara elfu bila kufikiri. Safari hii aliyasoma polepole, na nyuma ya darasa chaki iliacha kukwaruza.

Mwalimu aliinuka, akanyoosha gauni.

"Abee," alisema.